Mshipa Uliojisokota Mara Mbili

Maumivu yalimkamata Rifai akiwa ameinama juu ya reli ya msumeno wa kukatia mawe, jua likiwa bado halijauvuka mlima. Yalianza kwenye kinena upande wa kulia, yakapanda tumboni kana kwamba kuna mtu ameyashika matumbo yake anayakamua. Alizima mashine, akachuchumaa kwenye mawe meupe, akatapika chai yote aliyokunywa nyumbani.

"Bwana harusi huyo!" Bishai alipaza sauti kutoka upande wa pili wa reli. Bishai alikuwa Mkopti, Mkristo wa Misri, wa kijiji jirani, mwenzake wa kazi tangu walipoingia machimboni, na ulimi wake haukujua kupumzika. "Jamani, harusi bado, wewe mimba umeshashika?"

Wanaume waliangua kicheko ndani ya vumbi. Rifai alijifuta mdomo kwa ncha ya kilemba.

"Ni jibini ya jana," alisema. "Ilikuwa imechacha."

Lakini alijua kwamba si jibini. Aliyajua maumivu yale kama mtu anavyomjua jirani mbaya aliyehama kisha akarudi. Yalimjia mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na mitano, upande wa kushoto. Siku ile alimwambia mama yake, Zannuba, kwamba tumbo linamuuma, kwa sababu mvulana wa kijiji cha Nazlat Dib hamtajii mama yake sehemu zile. Mama akamchemshia uwatu na bizari, akamkanda tumbo kwa mafuta. Kesho yake hakuweza kutembea. Baba yake, Haji Maujud, alimfunua, akaona uvimbe, akambeba hadi ng'ambo ya mto hospitalini. Walikuwa wamechelewa. Korodani ya kushoto ilikuwa imekufa, ikatolewa.

Waliporudi, Haji Maujud aliwaambia watu barazani kwamba mwanawe amekatwa kidole tumbo. Zannuba akawaambia wanawake vivyo hivyo. Na Rifai mwenyewe aliambiwa maneno machache tu, baba akiwa ameangalia pembeni: "Umepona. Moja inatosha. Usimwambie mtu." Tangu hapo hakuoga tena mferejini na wenzake.

Ndiyo maana asubuhi ile hakusema. Akisema, watambeba, watamvua, wataona upande mtupu. Alijikokota hadi kibanda cha mlinzi, akajilaza ubavu, akawaambia wote waliochungulia kuwa ni tumbo. Alisubiri lipite kama tumbo linavyopita. Jua lilipofika utosini Bishai aliingia na nusu ya ndimu mkononi, akamkuta rangi imemtoka, ameuma kilemba kwa meno.

"Panauma wapi?" Bishai aliuliza.

"Tumbo."

"Usiniambie tumbo, Rifai. Mkono wako hauko tumboni."

Rifai alifumba macho. "Ni huko huko ulikoona."

Bishai hakucheka. Alitoka nje, akamtukana dereva wa lori la mawe mpaka akakubali kuondoka na nusu ya shehena, kisha wakampakia Rifai mbele. Walipofika mtoni, pantoni ilikuwa ndiyo kwanza inang'oa nanga upande wa pili. Bishai alisimama ukingoni akipunga kilemba chake na kupiga kelele, na Rifai, ndani ya lori, alihesabu pumzi zake moja moja.

*

Daktari Labib alikuwa mtu mnene, mwenye mikono midogo kama ya fundi saa. Aliifunua kanzu, akaona kovu la zamani, akatulia.

"Nani alikupasua huku?"

"Ni hapa hapa, Daktari. Nikiwa mdogo."

"Basi ni mimi." Aliigusa korodani ya kulia kwa ncha ya kidole na Rifai akapiga ukelele. Ilikuwa imepanda juu, imelala upande, ngumu kama jiwe. "Imeanza lini?"

"Asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri."

Daktari alitazama dirishani, kwenye jua la alasiri, akanong'ona kitu ambacho Rifai hakukisikia. Wakati huohuo mlango ukafunguka, akaingia Haji Maujud na vumbi la njiani hadi kwenye nyusi. Machimboni walikuwa wamemtumia habari.

"Haji," daktari alisema bila salamu, "nilikuambia nini mwaka ule?"

Haji Maujud alijipangusa vumbi usoni.

"Nilikuambia kwamba mwanao kaumbwa hivi pande zote mbili. Korodani zake zinaning'inia kama ulimi wa kengele, hazikushikizwa na kitu. Moja imejisokota, na ya pili inaweza kujisokota. Nikakuomba ruhusa niitie nyuzi kidogo, nimalize. Ukaniambia nini?"

"Daktari, mtibu kwanza."

"Ukaniambia hutaki kisu kingine!" Kisha akawageukia wauguzi. "Mwingizeni. Kila dakika tunayopigia kelele hapa, kuna kitu kinakufa ndani yake."

Rifai alisikia yote. Kitanda kilipokuwa kinasukumwa alimtazama baba yake, na baba yake akatazama ukuta.

*

Alipozinduka na ganzi kumtoka, daktari alivuta kiti akaketi karibu naye. Hakumficha kitu. Alisema anajua kwamba katika kijiji chao habari za mwili hupitia kwa baba, na kwamba mara ya kwanza yeye mwenyewe alifuata desturi hiyo, na ameona ilipowafikisha.

"Korodani inaning'inia kwenye mshipa kama ndoo kwenye kamba," alisema. "Ndani ya mshipa huo ndimo damu inamopita kuingia na kutoka. Ikijizungusha, kwanza damu inashindwa kutoka, inajaa, panavimba. Halafu hata kuingia inashindwa. Hapo seli zinakosa hewa."

"Zinakufa?"

"Hazifi zote pamoja. Zile zinazotengeneza mbegu, zilizomo kwenye vijirija vyembamba kuliko uzi, ni dhaifu kama vifaranga. Kwa saa sita hivi za mwanzo unaweza kuziwahi. Baada ya hapo zinakufa kwa mafungu. Za pili, zinazotoa homoni ya kiume, ni ngumu kama punda wa machimboni. Hizo zako nadhani zitaishi. Ndevu utaota, nguvu utakuwa nazo."

"Na mbegu?"

Daktari alivua miwani. "Nilipoifungua ilikuwa nyeusi. Nikaizungusha irudi mahali pake, nikaifunika kitambaa cha moto, nikangoja. Rangi ikarudi, ingawa si yote. Watu hudhani damu ikirudi, shida imekwisha. Haijaisha. Nyama iliyokosa hewa muda mrefu, hewa ikiirudia kwa kishindo inaiunguza. Kuta za seli zilizosalimika kwenye ukame zinachomwa na mafuriko. Nimeishona sasa, haitajisokota tena. Lakini kilichobaki ndani sikijui. Tutapima baadaye."

"Na kama ungeishona mwaka ule?"

"Ungekuwa machimboni sasa hivi," alisema Daktari Labib, "unacheka na yule rafiki yako aliyekuleta. Kwa kweli, hata leo ungefika asubuhi, tungekuwa na neno jingine. Mficha uchi hazai, mwanangu. Wahenga hawakuwa wanatania."

*

Harusi iliahirishwa kwa kisingizio cha ngiri. Ndoa ilikuwa imeshafungwa tangu baada ya mavuno ya ngano. Inshirah, binti wa Mahrus, alikuwa mkewe kwa sheria, ila hajahamia kwake. Vyombo vyake vilikuwa vimeshapangwa kwenye chumba cha juu ambacho Rifai alikijenga kwa mawe aliyoyakata mwenyewe.

Alipima, akarudia kupima. Mara zote karatasi ilisema hakuna mbegu, hata moja. Daktari Labib alimpeleka hospitali kubwa ya mji wa Asyut, wakachukua kipande kidogo cha nyama, wakakitazama kwa darubini. Vijirija vilikuwepo, vimejipanga vizuri kama vyumba vya nyumba mpya, na ndani yake hamkuwa na mtu.

Siku aliyorudi kutoka Asyut alimkuta baba yake zizini, anampa nyati wao wa kufugwa majani. Akamwambia. Haji Maujud aliendelea kutupa majani hata baada ya hori kujaa.

"Unaweza kuingia kwa mke?" mzee aliuliza hatimaye.

"Naweza."

"Basi oa. Leteni ngoma, mwanamke aingie. Mambo mengine ni ya Mungu."

"Baba, nimekuambia hamna kitu."

"Nani mwingine anajua? Daktari na mimi. Mwaka ukipita, wawili wakipita, watu watamuuliza nani? Wewe? Mwanamume mwenye ndevu na mabega haya? Mwanamke ndiye huulizwa, mwanangu. Ndivyo dunia ilivyo."

Rifai alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Kwa nini ulimkatalia daktari?"

"Yamepita hayo."

"Kwa nini, Baba?"

Mzee aliuacha mzigo wa majani ukaanguka. "Ulikuwa umelala pale mweupe kama jiwe la mlimani, mdomo wazi. Nilikupeleka na viwili, wakanirudishia kimoja. Huyohuyo aliyetoa cha kwanza akaniambia anataka kukata tena, upande usiouma. Usiouma, Rifai! Nikasema huyu akiingiza kisu mara ya pili, nitarudi na binti. Niliogopa. Unataka nikuambie sikuogopa?"

"Ungeniambia mimi. Nilipokuwa mkubwa ungeniambia, ukinisikia nimesema tumbo, ukimbie nami."

Mzee aliinama kuyaokota majani, na nyati aliendelea kutafuna.

*

Inshirah alikuwa uani kwao akipanga mikate ya jua, unga ulioumuka kwenye visahani vya udongo, ili ipate joto kabla ya kuingia tanuri. Mama yake aliketi mlangoni akichambua dengu, karibu kiasi cha kusikia, kama inavyotakiwa. Rifai hakujua pa kuanzia. Akaanzia mwanzo kabisa, kwenye uwatu na bizari ya mama yake. Mama mtu aliacha kuchambua.

Inshirah alimsikiliza mikono ikiwa na unga hadi kwenye viwiko. Rifai alipomaliza, alicheka kidogo, kicheko kikavu.

"Kwa hiyo ningeingia nyumbani kwenu. Mwaka wa kwanza mama yako angenitazama tumbo. Wa pili angenipeleka nikaruke makaburi ya mafarao na kuoga maji ya mashekhe ili nishike mimba. Wa tatu mngeniletea mke mwenza. Na wewe umekaa unakunywa chai."

"Baba ndiye aliyetaka hivyo."

"Na wewe ulitaka nini?"

"Mimi nimekuja hapa."

Aligeuza kisahani kimoja, akakirudisha palepale kilipokuwa. Macho yalikuwa yamemlowa lakini sauti haikutetemeka. "Nataka mtoto, Rifai. Nikisema sitaki nitakuwa nakudanganya, na baadaye nitakuchukia. Usinifanye niseme mara mbili."

"Hutasema mara mbili. Nitakuacha kwa wema. Kila kitu chako utachukua."

Hapo mama yake alipiga kifua. "Amwache kabla hajaingia? Yallah! Unajua watasema nini? Watasema umegundua jambo kwake. Na mdogo wake je, nani atabisha hodi hapa tena? Rifai, mwanangu, ukimwacha kimya umemchinja."

Ilikuwa kweli, na Rifai alijua. Katika Nazlat Dib mwanamke anayeachwa kabla ya usiku wa harusi hana haja ya kushtakiwa, wambea humhukumu wenyewe. Alisimama pale uani mpaka mkate wa kwanza ukapasuka ngozi kwa joto.

"Sitanyamaza," alisema. "Ijumaa nitasema mimi."

*

Zannuba alilia siku mbili. Haji Maujud hakulia. Ijumaa, kabla ya kutoka kwenda msikitini, alimzuia Rifai mlangoni, akaushika mkono wa mwanawe, akaubusu, yeye ambaye mkono wake ulibusiwa na nusu ya kijiji.

"Nitakubusu na miguu," alisema. "Useme mlikosana mahari. Useme anatoka harufu mdomoni. Useme lolote. Ila usinivue nguo mbele ya watu."

"Nguo ni zangu, Baba," Rifai alisema, akautoa mkono wake polepole.

Baada ya swala wanaume wa ukoo waliketi barazani kama kawaida, chai ikipita. Mahrus, baba yake Inshirah, alikaa karibu na mlango, kichwa chini. Habari ya talaka ilikuwa imeshavuja tangu asubuhi.

"Tumesikia umetema bibi harusi," alisema Ghallab, binamu yake Rifai, mtu aliyependa kuchokonoa. "Tuambie basi, binamu. Kipi kilichokushinda kumeza?" Wachache walikohoa kuficha kicheko.

Rifai alisimama.

"Binti ya Ami Mahrus hana kasoro hata moja," alisema. "Wallahi hana. Kasoro ni yangu. Nilipokuwa mdogo sikukatwa kidole tumbo. Korodani ilijisokota, nikaona haya kusema, ikafa, ikatolewa. Mwaka huu ya pili nayo imejisokota, nikaona haya tena, nikachelewa. Ipo lakini haina mbegu. Mimi sizai. Nimemwacha ili apate wa kumzalisha. Atakayemtaja kwa ubaya anitaje mimi."

Mtu mmoja alikuwa anakoroga sukari, akaacha kijiko ndani ya glasi. Ghallab alitazama viatu vyake. "La haula," alinong'ona mzee mmoja, "la haula wala kuwwata." Kisha Mahrus aliinuka, akavuka baraza lote, akakishika kichwa cha Rifai kwa mikono miwili, akakibusu juu ya kilemba. Alitoka.

Haji Maujud naye alitoka, kwa mlango mwingine, amevaa viatu vya mtu mwingine.

*

Kusema hakukumrahisishia maisha. Jina la Inshirah lilibaki safi, na kabla ya baridi kuisha aliolewa mjini Mallawi na fundi bomba aliyefiwa na mke. Rifai alikuwa juu ya mlima msafara wa magari ulipopita chini ukipiga honi. Aliwasha msumeno.

Machimboni, Ghallab alirudiwa na ulimi wake. "Bibi Rifai," alimwita siku moja, "hebu nipishe nipite." Bishai alimrukia kwa mpini wa nyundo, ikabidi watu wawatenganishe. Utani ukakoma mbele yake, ukaendelea nyuma yake. Watu waliokuwa wakimwita kwenye visomo vya watoto wachanga waliacha kumwita, kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma kuliko ulimi wa Ghallab. Nyumbani chumba cha juu kilifungwa. Baba na mwana walikula sinia moja bila kusemezana, Zannuba akiwa katikati yao anagawa mchuzi kama mkalimani.

Ilipofika siku ya kurudi kwa Daktari Labib kupimwa homoni, Rifai aliondoka peke yake. Kwenye pantoni aligundua kwamba baba yake yupo, ameketi upande wa pili kati ya mbuzi na magunia, anatazama maji. Hakumwita. Mzee alimfuata kwa mbali hadi hospitalini, akaingia naye chumbani bila kualikwa. Alingoja daktari amalize kusema kwamba homoni ziko sawa, kisha akafungua kinywa.

"Toa yangu," alisema.

"Nini, Haji?"

"Toa yangu umwekee. Mimi sina kazi nayo tena. Ni nzima, haijawahi kuuma hata siku moja. Kisu sikiogopi. Leo hii kama unataka." Alianza kufungua kifungo cha kanzu kifuani, kana kwamba kitu chenyewe kiko palepale.

"Haji, kaa."

"Sikai. Nilikukatalia mwaka ule, sasa nakupa. Chukua."

Daktari Labib alizunguka meza, akamkalisha kwa mikono yake mwenyewe. Alisema taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa. "Haji, hata ningeweza kuihamisha ikakubali, mbegu zingekuwa zako. Watoto wasingekuwa wake. Angekuwa anazaa ndugu zake. Kilichokufa kwa Rifai hakina cha kubadilishwa nacho."

Mzee alimtazama asielewe. Kisha Rifai aliona maneno yakimwingia, moja baada ya jingine. Haji Maujud alichukua ncha ya kilemba akajifunika uso mzima, mabega yakaanza kutikisika, na sauti iliyotoka nyuma ya kitambaa ilikuwa ya mtoto. Rifai alibaki amesimama. Hasira aliyokuwa ameibeba miezi yote ile ilitafuta pa kukaa, isipaone, lakini haikuondoka.

Walirudi mtoni pamoja. Pantoni ilikuwa ng'ambo.

"Umekula?" mzee aliuliza. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu ile Ijumaa.

"Bado."

Walisimama kwenye mkokoteni wa maharage. Haji Maujud aliupasua mkate, akampa mwanawe kipande kikubwa, akabaki na kidogo. Rifai alikula. Hakumsamehe siku ile, wala mwaka ule, na mzee hakumwomba. Lakini pantoni ilipogonga ukingo na watu wakaanza kusukumana, alimshika baba yake mkono, kwa kuwa ubao wa kupandia ulikuwa umelowa.